Godoro Nililolipia Gerezani: Mafunzo Niliyopata

Niliingia gerezani Alhamisi moja jioni, mwaka 2018, nikiwa na shati la kufundishia na kipande cha chaki mfukoni. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita hapa Kavimvira, mjini Uvira, Kongo. Pesa za wazazi za kununua mabati ya shule zilikuwa zimepotea, saini yangu ilikuwa kwenye risiti moja, na aliyezishika alikuwa amekwisha kuvuka mpaka. Nilikaa ndani miezi saba. Mwishowe mahakama iliona sina hatia, nikarudi nyumbani. Jina la gereza silitaji; wamo bado watu ninaowatakia salama.

Kesi yenyewe imeanza kunitoka kichwani. Lisilonitoka ni namna tulivyopangwa mle ndani: nani alale wapi, nani ale nini, nani apate dirisha. Mtu wetu akikamatwa tunakimbilia parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, tunatafuta wakili, tunahesabu pesa za hakimu na za barua. Mambo ya kupangwa hakuna anayetuambia, na ndiyo yanayoamua kama mtu atatoka mzima.

1. Utapangwa usiku wa kwanza, na atakayekupanga ni mfungwa mwenzako

Askari aliandika jina langu kitabuni, akanivua mkanda na saa, akafungua mlango wa ndani. Kazi yake iliishia hapo. Ng'ambo ya mlango alinipokea kapita, mfungwa wa siku nyingi, pamoja na vijana wake wanne. Hakuuliza nimeshitakiwa nini. Aliuliza ninafanya kazi gani, nyumba yangu iko wapi, nani ataniletea chakula, na namba yake ya simu ni ipi. Maswali manne, na kazi ya kunipanga ikawa imekwisha.

Palikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza tuliiita kwa wakubwa: chumba cha watu wanane, magodoro, dirisha linalotazama uani, taa ndogo ya betri. Ya pili ilikuwa ukumbi, ambamo watu walilala kwa ubavu, mstari kwa mstari, na mmoja akitaka kugeuka usiku mstari mzima hugeuka naye. Ya tatu haikuwa na jina. Ilikuwa kando ya pipa la choo, mahali maji machafu yanapopita, na walilala hapo wale waliojibu kwamba hawana mtu nje.

Mgeni hudaiwa pesa ya mshumaa, ati ya taa na sabuni. Mdogo wangu aliuza baiskeli yake. Kesho yake mchana nilitolewa ukumbini nikapewa godoro kwa wakubwa, nami nikamshika kapita mkono kwa mikono yangu yote miwili, kama mtu aliyepewa zawadi.

Ukipigiwa simu usiku kwamba ndugu yako yuko ndani na inahitajika pesa haraka, ujue ndipo anapangwa. Nenda mwenyewe asubuhi. Omba kumwona. Mtazame uso na miguu kabla hujatoa faranga hata moja, na umuulize mbele ya askari amelala wapi. Swali hilo dogo, likiulizwa kwa sauti na kwa adabu, limewahi kumwondoa mtu pipani.

2. Sheria nayo inapanga, lakini haiulizi una nini

Wakili kijana aliyekuja kuwasaidia wasio na uwezo aliniazima bunda la karatasi, kwa kuwa nilimwambia nimechoka kusoma maandishi ya ukutani. Ndani yake mlikuwa na amri namba 344 ya 17 Septemba 1965, ambayo ndiyo iliyotawala magereza ya Kongo tangu siku za mwanzo za uhuru mpaka sheria mpya ilipotungwa mwaka 2023. Mlikuwa pia na Kanuni za Mandela, zile 122 zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015.

Kanuni ya 11 inataja vipimo vya kuwatenga wafungwa: mwanamume na mwanamke, mtoto na mtu mzima, anayengoja hukumu na aliyekwisha kuhukumiwa, aliyefungwa kwa deni na aliyefungwa kwa jinai. Kanuni ya 93 inaeleza kwa nini watu wagawanywe makundi: ili mwenye tabia mbaya asiwaharibu wengine, na ili kila mmoja asaidiwe kurudi kuishi na watu. Basi. Nilizisoma mara nyingi, kama mtu anayetafuta senti iliyoanguka kwenye majani, nikitafuta palipoandikwa kwamba mwenye cheo alale penye hewa. Hapapo.

Nilichokikuta kilinikosesha usingizi. Kanuni ya 14 inataka dirisha linaloingiza hewa na mwanga wa kutosha mtu kusoma. Kanuni ya 21 inataka kila mfungwa apewe kitanda chake na matandiko yake, safi. Kila mfungwa. Na Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 18, inasema mtu aliyezuiliwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya ya mwili na akili yake, na utu wake. Kwa hiyo godoro lile ambalo mdogo wangu aliliuzia baiskeli lilikuwa langu tangu nilipovuka mlango. Nilinunua mali yangu mwenyewe. Na yule wa pipani naye alikuwa na godoro lake mahali fulani, limelaliwa na mwingine.

Tangu hapo silipendi neno "upendeleo" linapotajwa habari za gereza. Chumba cha wakubwa hakikuwa na anasa yoyote. Kilikuwa na kile kinachopaswa kuwa cha watu wote, kimekusanywa sehemu moja na kutiwa bei.

3. Jua kama wewe ni prevenu au kondane, na ushike tarehe

Waswahili wa pwani husema mahabusu na mfungwa. Sisi huku tunasema prevenu na kondane. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti nyingine yoyote gerezani, na ndiyo iliyosahauliwa kuliko zote. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976, unataka watu hao wakae mbalimbali, kwa kuwa mmoja bado anahesabiwa hana kosa. Kanuni za Mandela zinampa prevenu mambo ya ziada: kuvaa nguo zake mwenyewe zikiwa safi, kuletewa chakula kutoka nje, kutolazimishwa kufanya kazi. Haya ndiyo "mazuri zaidi" ambayo sheria inayatambua waziwazi, na hayalipiwi.

Sisi tulilala pamoja. Kushoto kwangu mtu aliyefungwa miaka ishirini kwa kuua, kulia kwangu dereva wa pikipiki aliyengoja kesi ya ajali. Waliofagia vyoo asubuhi walikuwa maprevenu wengi kuliko makondane, kwa sababu makondane walikuwa wenyeji na sisi tulikuwa wageni.

Lakini funzo lenyewe ni la tarehe. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai ni ya 6 Agosti 1959, ya kabla ya uhuru, na bado inafanya kazi. Inasema hati ya muda ya mwendesha mashtaka inadumu siku 5, na ndani yake mtuhumiwa awe amefikishwa mbele ya hakimu. Hakimu akikubali azuiliwe, amri ya kwanza ni ya siku 15. Baada yake huongezwa mwezi mmoja mmoja. Kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi miezi 2, amri huongezwa mara moja tu. Likifika miezi 6 au zaidi, ni mara tatu mfululizo. Baada ya hapo kuongeza tena kunataka hakimu anayeketi hadharani, watu wakisikia. Kosa nililoshitakiwa, la kula amana, lina adhabu ya miezi 3 hadi miaka 5, hivyo nilikuwa kwenye kundi la mara tatu.

Nilipoomba kuona karatasi zangu, amri yangu ya mwisho ilikuwa imekufa siku 23 zilizopita. Nilikuwa nimekaa gerezani siku 23 bila karatasi yoyote inayonishikilia, na hapakuwa na mtu aliyenitakia mabaya. Faili lilikuwa limewekwa chini ya mafaili mengine.

Tangu siku ile niliacha kuuliza "kesi yangu itasikilizwa lini", swali ambalo kila mtu hujibiwa "karibuni". Niliuliza: "Amri yangu inaisha tarehe ngapi?" Anayeulizwa hivyo inambidi afungue kitabu. Mwambie ndugu yako akariri tarehe yake kama anavyokariri jina la mama yake.

4. Tabaka la kweli liko kwenye sufuria

Chakula cha gerezani kwetu ni vungule: mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, mara moja kwa siku. Siku njema. Siku nyingine mahindi peke yake, siku nyingine maji ya moto yenye harufu ya maharage, na zilikuwapo siku ambazo jiko halikuwashwa. Ukitaka kujua mpango wa gereza, acha vyumba, simama langoni saa nne asubuhi uwatazame wanawake na vikapu vyao.

Mama watoto alikuja mara tatu kwa wiki. Aliamka saa kumi za usiku, akasonga ugali wa muhogo, akapika sombe, na ndagala zikiwa zimeshuka bei pale ziwani alizikaanga kavu zisiharibike upesi. Alipanda pikipiki kikapu kikiwa mapajani. Langoni kikapu kilifunguliwa, kijiko kikazungushwa ndani ya sombe kutafuta simu, na mara nyingi kilitoka na ndagala kadhaa. Palikuwa pia na kitu kidogo cha kumwachia mtu wa mlango. Kikapu hicho ndicho kilichonifanya mtu wa heshima. Wenzangu hawakuniita mwalimu kwa sababu nilijua kugawa sehemu kwa sehemu. Waliniita mwalimu kwa sababu Jumanne, Alhamisi na Jumapili nilikuwa na ugali wa kumega.

Niliona watu wakibadilika jina kwa njia hiyo. Mzee mmoja kutoka milimani, aliyeingia na heshima zote za umri wake, aliitwa papa wiki mbili. Watoto wake walikuwa mbali, njia ilikuwa imefungwa kwa vita, hakuna aliyekuja. Wiki ya tatu aliitwa kwa jina lake. Wiki ya sita waliacha kumwita. Alisogezwa kutoka katikati ya ukumbi hadi ukutani, kutoka ukutani hadi pipani, bila mtu yeyote kutoa amri. Kila asiyekuwa na cha kumega husogea hatua moja, kama maji yanavyotafuta bonde. Alikuwa anakohoa. Sisi wa chumba kidogo tulifunga dirisha letu la ndani tukiogopa kifua kikuu.

Prevenu kuletewa chakula ni haki, na sitaki mtu aguse kikapu cha mke wa mwenzake kwa jina la usawa. Ila kanuni ya 22 inaweka mzigo kwa serikali kabla ya kwa mke: kila mfungwa alishwe kwa saa za kawaida chakula chenye afya na nguvu. Kikapu kiwe nyongeza juu ya chakula. Kwetu kikapu ndicho chakula, na asiye nacho anakufa polepole kwa adhabu ambayo hakimu hakuitamka.

Ushauri wangu kwa familia: ukipika, pika na cha mmoja zaidi. Sijui njia nyingine iliyomsogeza mtu kutoka pipani kwa haraka zaidi.

5. Kalamu yangu iliandika orodha

Hili nililificha miaka kadhaa, hata kwa padri.

Mwezi wa pili kapita aliniita. Karani wake alikuwa ameachiliwa. Alihitaji mtu mwenye mwandiko. Kazi ilikuwa kuandika daftari la mshumaa: nani ameingia, ametoa kiasi gani, anadaiwa kiasi gani, ahamishiwe wapi. Kwa kazi hiyo nisingedaiwa chochote tena, na ningepata nafasi iliyo karibu na dirisha. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilipiga mistari ya safu kwa ukingo wa sabuni, nikaandika vichwa vya safu kwa herufi kubwa, kama daftari la mahudhurio.

Miezi miwili niliandika. Nilikuwa mwalimu niliyezoea kuita majina asubuhi, na kila jioni niliita majina mlangoni, na anayeitwa pasipo pesa alijua analala wapi. Sikumpiga mtu, sikumtukana mtu. Niliandika tu. Kanuni ya 40 inakataza mfungwa kutumiwa na gereza katika kazi ya kuwaadhibu na kuwaamuru wenzake, nami niliisoma kanuni hiyo nikiwa nimeketi kwenye nafasi niliyoipata kwa kuivunja.

Namna hii ya kutawala inadumu kwa sababu kila mtu anapata kidogo. Askari wachache waliolipwa mshahara wa kuchelewa hawawezi kulinda mamia ya watu, kwa hiyo wanamwachia kapita. Kapita hawezi peke yake, anatafuta vijana wenye nguvu na karani mwenye mwandiko. Karani anaambiwa yeye ni msomi, hastahili kulala ukumbini. Na msomi anaamini. Niliamini kweli kwamba mimi, mwenye diploma ya ualimu, kulala kwa ubavu kungekuwa dhuluma kubwa kuliko kwa mvuvi. Sijui niliutoa wapi ubavu wangu.

6. Herufi, rangi na kadi

Nilipotoka nilirudi kwenye vitabu vya historia, somo nililolifundisha kwa miaka, na safari hii nilisoma nikitafuta magodoro.

Wabelgiji walikuwa na gereza la Mzungu na gereza la mtu mweusi, na baadaye wakatengeneza ngazi hata kati yetu sisi. Mwaka 1948 walianzisha kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 uandikishwaji wa wale walioitwa walioendelea. Mwenye kadi aliepushwa na fimbo. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa kwamba kadi ile ilidhalilisha kwa sababu mkaguzi aliingia hadi jikoni kuangalia vijiko vyako. Ni kweli. Ila sasa ninaona jambo jingine: kwa kumwondolea mmoja fimbo, fimbo ya wengine ilifanywa ionekane ya haki.

Kenya, wakati wa Mau Mau, Waingereza waliwapanga waliozuiliwa kwa rangi: weupe waliokubali kukiri, wa kijivu waliosita, weusi waliokataa. Mtu alisogezwa kutoka kambi hadi kambi kadiri rangi yake ilivyobadilika kwenye karatasi. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 wa kundi lililokataa walipigwa hadi kufa. Afrika Kusini, Mandela na wenzake walipofikishwa Robben Island mwaka 1964 waliwekwa daraja la D, la chini kabisa: barua moja na mgeni mmoja kwa miezi sita. Na hata sahani ilipangwa kwa ngozi, Mwafrika akanyimwa mkate ambao wenzake wa asili ya Asia walipewa.

Siku hizi hapana rangi wala herufi. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa mwaka 1957 kwa ajili ya watu 1,500, nalo limekuwa likibeba zaidi ya 10,000; ndani yake kila Mkongo anayesikiliza redio amesikia habari za Pavilioni ya 8, wanakolala wanasiasa na wenye pesa. Usiku wa 2 Septemba 2024 watu walipojaribu kuvunja na kutoka, serikali ilitangaza vifo 129, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa. Watu waliolala wamebanwa kama samaki kikapuni ndio wanaokufa kwa kukanyagana. Kupangwa kunaua.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta sehemu za wakubwa, kila mtu alale ukumbini. Sikubaliani nao. Waziri au mwalimu akisukumwa pipani, yule mzee wa milimani hapati chochote. Ninachokitaka ni kipimo kianzie chini: godoro, dirisha, sahani na maji kwa aliye wa mwisho kwanza, kisha tuongee habari za vyumba.

7. Ukuta wa wanawake

Kwetu wanawake walikuwa kumi na wawili, wawili wakiwa na watoto wachanga, nyuma ya ukuta ambao kijana mrefu angeweza kuuparamia. Mlango wao ulifungwa kwa kufuli moja, na ufunguo wakati mwingine ulishikwa na kapita.

Kasapa, Lubumbashi, Septemba 2020: ghasia za siku tatu, wanawake makumi wakabakwa. Makala, usiku ule ule wa 2024: vivyo hivyo. Munzenze, Goma, 27 Januari 2025: wafungwa walipovunja gereza mji ukiwa vitani, Umoja wa Mataifa ulisema wanawake zaidi ya 150 walibakwa, na wengi wao wakafa katika moto. Kutenga wanawake na wanaume ndiyo kanuni ambayo kila askari anaijua na hakuna anayeipinga. Ukitaka kujua gereza linaishikaje, pima ukuta na uulize nani ana ufunguo.

8. Umri ni karatasi

Kwenye daftari langu la mshumaa palikuwa na jina ambalo kila jioni nililiandikia sifuri. Kijana kutoka bonde la Ruzizi, mchunga ng'ombe, ameshitakiwa kwa mbuzi. Alilala pipani tangu siku ya kwanza. Kitabu cha mlangoni kilisema ana miaka 19. Sauti yake ilikuwa bado inavunjika.

Siku moja aliniomba nimwandikie barua kwa dada yake mkubwa. Ili kuanza nilimuuliza mambo ya kawaida, na akaniambia alizaliwa mwaka ambao mama yake alikimbia vita kuvuka Ruzizi mara ya pili, na kwamba alibatizwa alipokuwa na meno mawili. Nilihesabu kwa vidole. Hakufika 16.

Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya 10 Januari 2009, inasema mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na kesi yake ni ya mahakama ya watoto. Hakutakiwa kuwa na sisi hata usiku mmoja. Sheria hiyo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu azaliwe, lakini huku kwetu mama aliyejifungua akikimbia haendi kuandikisha. Aliyemkamata alimtazama kimo, akaandika 19. Kupangwa kote kwa kijana yule kulitoka kwenye tarakimu mbili zilizoandikwa na mtu mwenye haraka.

Sikuandika barua ile tu. Niliandika tatu: kwa dada yake, kwa wakili kijana, na kwa parokia kuomba karatasi ya ubatizo. Karatasi ilichukua wiki tisa kufika. Katika wiki hizo nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: nilimwita kwenye chumba chetu alale miguuni pangu, na mmoja wa wakubwa aliponguruma nikamwambia kapita atafute karani mwingine. Nilirudi ukumbini. Kulala kwa ubavu kunazoeleka baada ya siku nne hivi.

Kijana alihamishwa. Lile daftari sikumrudishia kapita mara moja. Nilikuwa nimegeuza kurasa za nyuma na kuanza orodha nyingine: jina, umri anaosema mwenyewe, tarehe ya kuingia, tarehe amri yake inapoisha, nani anajua yuko hapa. Nilipotoka ilikuwa na majina 41, nikaiacha kwa dereva wa pikipiki aliyekuwa kulia kwangu.

Hapa Kavimvira sasa watu hunijia na karatasi zao, hasa tangu mafuriko ya Aprili 2020, yaliyobomoa nyumba kwa maelfu mjini Uvira na kubeba vyeti vya watoto pamoja na vitanda. Kazi ni ileile: ubatizo, kadi ya chanjo, daftari la shule, chochote chenye tarehe. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja anayeuza ndagala mpakani. Mwanawe amekamatwa Jumatatu na kitabu kimesema ana 18. Alikuwa na kadi ya kliniki iliyolowa, mwaka wa kuzaliwa hausomeki, ila mwezi na siku vipo, pamoja na uzito: kilo mbili na nusu. Kesho saa moja asubuhi tunakwenda naye kliniki kuangalia kama kitabu chao cha wazazi kilinusurika.